Upande Mzito

Nimeishi na wifi yangu miaka arobaini na moja, na katika miaka hiyo tumegombana juu ya kila kitu isipokuwa kazi. Tumegombana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya marehemu kaka yangu aliyekuwa mumewe, juu ya nani alimnunia nani kwenye harusi ambayo maharusi wenyewe walishaachana zamani. Lakini kazini, hata siku moja. Tulikuwa madobi wa hospitali, mimi na yeye, zamu moja, mashine moja, shuka moja.

Watu hudhani kufua mashuka ya hospitali ni kazi ya mashine. Mashine inafua, sikatai. Ila shuka likitoka mle ndani limejisokota na mengine, zito, linachuruzika maji ya moto, na hapo wanatakiwa watu wawili. Mmoja anatia mikono ndani ya mashine na kulivuta rundo kwa nguvu zake zote. Huyo ndiye mwenye upande mzito. Mwingine anapokea ncha, anarudi nyuma hatua tano, kisha wanakung'uta, wanavuta, wananyoosha, ndipo shuka liingie kwenye zile roli za moto za kupigia pasi. Mashuka mia tatu kwa zamu. Mablanketi usiniulize.

Tulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani. Mwenzako akiwa hajiwezi, unahamia upande mzito bila kuambiwa, na msimamizi asijue. Akijua, mtu anahamishwa au anarudishwa nyumbani. Basi mgonjwa anasimama na ncha yake mkononi, anatikisa kama kawaida, anapiga na soga, kumbe kazi yote inafanywa na aliye mbele yake. Kwa mchezo huo tulikuwa mabingwa. Mwaka ule mimba yangu ilipoharibika, nilirudi kazini siku ya tisa nikitembea kwa kushika ukuta. Wifi alikaa upande mzito miezi minne. Hakusema neno, na hakuwahi kunisimanga, hata siku tulizogombana mpaka majirani wakafunga madirisha. Msimamizi alipita nyuma yetu kila saa na hakuona kitu.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilichomfanyia wifi nilikifanya kwa roho mbaya.

Alianguka bafuni akiwa na miaka sabini na nne, mkononi ana ndoo ambayo nilikuwa nimemwambia aiache. Nyonga ikavunjika. Wakampasua, wakamtia chuma, akalala kitandani wiki saba. Aliporudi nyumbani, mwanamke aliyekuwa akivuta mablanketi manne mabichi kwa mkupuo mmoja hakuweza kuinuka kwenye kiti. Mapaja yalikuwa yamenywea. Nilipomwogesha mara ya kwanza niligeuza uso nisije nikalia mbele yake, halafu nikamtania kwamba sasa ana miguu ya kigoli. Akacheka, akasema basi nimtafutie mchumba.

Mwanawe ni dereva wa malori ya safari ndefu. Anaishi mji mwingine na mkewe, ghorofa ya nne, kwenye jengo lisilo na lifti. Ni kijana mwema. Nasema kijana, ana miaka hamsini kasoro. Alikuja wiki ile ile mama yake aliporudi, akakaa kwenye stuli yetu fupi, magoti yakamfika kidevuni, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na askari.

"Shangazi, usinichukie. Na wewe umekula chumvi nyingi. Siku utakapomwinua mama mkaanguka wote wawili, nani atawaokota?"

"Nimeinua vizito kuliko mama yako."

"Najua. Ndiyo maana nawapa miezi mitatu. Akiweza kuinuka mwenyewe kitini na kufika bafuni mwenyewe, anabaki hapa na wewe. Akishindwa, namchukua."

Alikuwa amesema kweli, na mtu akisema kweli mbele yangu huwa nakwenda jikoni. Nikaenda jikoni.

Alipoondoka, wifi aliyapapasa mapaja yake. Kisha akasema, "Kule kwao wote wawili wanatoka alfajiri na kurudi jioni. Nitawekwa kitini asubuhi, nitakutwa kitini jioni. Wifi, nikienda kule, zile ngazi sitazishuka tena ila nimebebwa."

"Huendi."

"Na miguu ndiyo hii."

"Nimesema huendi. Mimi nipo."

Kliniki ikatutumia binti wa mazoezi ya viungo, kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne. Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa na kalamu nne mfukoni na hakucheka ovyo. Alileta karatasi yenye visanduku, akaibandika kwenye mlango wa kabati. Kuinuka kitini mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Kutembea na fremu ya chuma hadi mlangoni na kurudi. Ukimaliza unapiga tiki. Alileta pia mkanda mpana wa kitambaa, akamfunga wifi kiunoni, akanionyesha pa kushika kwa nyuma.

"Bibi," akaniambia, "huu mkanda ni wa kumkinga asianguke. Unashika tu. Huvuti."

"Nimesikia."

"Mfupa umeunga vizuri. Nyama za miguu ndizo zimelala, na haziamki mpaka zifanyishwe kazi. Itamuuma kidogo, na atatetemeka. Acha atetemeke."

Acha atetemeke! Nilimchukia papo hapo. Miaka yote niliyofanya kazi, mtu akitetemeka mbele yako unampokea mzigo. Huulizi, hungoji kuombwa. Huyu mtoto wa juzi, mwenye viatu vyeupe, alikuwa ananiambia nisimame nyuma ya wifi yangu nimtazame anavyoteseka, eti ndiyo dawa.

Siku mbili za mwanzo nilijitahidi. Nilishika mkanda bila kuvuta, na wifi hakubanduka kitini hata kidogo, akawa anasukuma na kukaa, anasukuma na kukaa. Siku ya tatu asubuhi akapandisha mikono ya sweta, akashika mikono ya kiti, akasema, "Leo niachie kabisa. Simama pembeni. Nataka nione."

Nikalegeza mkanda. Wifi akauma meno. Makalio yakaachana na kiti, kidogo, kisha zaidi. Magoti yake yalianza kucheza, kiti kikawa kinagonga sakafu kwa mtetemo, na mishipa ya shingo ikamtoka. Alikuwa amefika nusu. Kisha akatoa mlio ambao nilikuwa nimeusikia mara moja tu maishani, siku tulipoletewa habari za kaka yangu. Sikuvumilia. Nikaushika mkanda kwa mikono miwili, nikavuta.

Akasimama wima. Akageuza kichwa, jasho limemjaa usoni.

"Mbona umenivuta?"

"Ulikuwa unaanguka."

"Sikuwa naanguka. Nilikuwa nainuka."

"Wifi, ulikuwa unalia."

"Sasa nikilia? Mimi si naruhusiwa kulia?"

Nikamwambia tutajaribu tena kesho. Kesho yake nilivuta mapema zaidi, kabla ya ule mlio, kwa sababu niliuogopa. Akaninunia mpaka chakula cha mchana. Siku iliyofuata nilivuta tangu mwanzo, na safari hii hakusema kitu. Mwisho wa wiki alikuwa akihesabu mpaka tatu, ananiegemea, ananyanyuka kama mtu anayepanda lifti. Hakuniomba tena nimwachie. Mwili hauchelewi kuzoea kubebwa.

Tiki nilipiga zote. Na sikuona kama nadanganya, maana mara thelathini kwa siku zilifanyika kweli, na mlangoni nilimfikisha kwa kumkumbatia, fremu tukaiacha pembeni. Nilihesabu kwa sauti. Nilihema kweli, jasho lilinitoka kweli, na jioni mgongo wangu ulikuwa unawaka moto mpaka nalala na chupa ya maji ya moto. Kazi ilikuwa imefanyika. Nani alikuwa ameifanya, hilo halikunipitia akilini, kwa sababu huko tulikotoka hilo lilikuwa haliulizwi.

Nikaenda mbali zaidi. Zamani alikuwa akimenya vitunguu amesimama kwenye sinki, nikamletea kitini. Kisha nikavimenya mwenyewe. Akitaka kitana, nakimbia. Akitaka maji, nimeshafika. Dirisha likihitaji kufungwa nalifunga kabla hajageuza kichwa. Jirani mmoja alisema hajaona mawifi wanaopendana hivi, na mimi, mjinga, nikavimba kichwa.

Mwalimu alipokuja tulimchezea mchezo wetu ule ule. Alikuwa na wagonjwa kumi na mmoja kwa siku na alikaa kwetu dakika kumi na tano. Namvalisha wifi sweta pana, ngumi yangu inaingia chini yake na kushika mkanda kwenye uti wa mgongo, nimesimama karibu kabisa kama mtu anayemkinga. Wifi anainuka huku akimsemesha Mwalimu juu ya hereni zake. Uso hauonyeshi kitu. Mabega hayaonyeshi kitu. Hatukumwona kama mtu aliyekuja kutusaidia. Kwetu sisi alikuwa msimamizi mwingine tu anayepita nyuma.

Mara moja alisita. Akaacha kuandika, akanitazama mimi badala ya wifi.

"Bibi, mbona jasho linakutoka wewe?"

"Huyo?" wifi akadakia. "Huyo hata akinywa maji baridi hutoka jasho. Ndivyo alivyoumbwa."

"Anayetakiwa kutoka jasho ni wewe, bibi."

"Langu limekauka, mwanangu. Mimi ni mzee."

Mwalimu akatabasamu, akaandika maendeleo mazuri, akaenda. Mlango ulipofungwa tulicheka mpaka machozi, wifi amejishika mbavu, mimi nimekaa chini kabisa kwenye sakafu. Nimefanya mambo mengi ya aibu, lakini hakuna ninaloonea haya kuliko kicheko kile.

Mwanawe alifika Jumapili, saa nne asubuhi, siku tano kabla ya miezi mitatu kutimia. Mtu ataniuliza nilitegemea nini. Nilitegemea nitakuwa nyuma yake. Hiyo tu. Nilikuwa nimeshamvalisha sweta.

Alimbusu mama yake, akatazama karatasi kwenye kabati, akaona tiki zimejaa kutoka juu hadi chini, na uso wake ukafunguka. Nilimhurumia. Mtoto wa watu hakutaka kumhamisha mama yake, alitaka kushindwa.

"Mama, hongera! Haya, nionyeshe."

Nikasogea mahali pangu. Akanishika bega kwa upole.

"Shangazi, leo pumzika. Kaa pale kwenye stuli."

"Mkanda lazima ushikwe. Mwalimu kasema."

"Nitaushika mimi. Nimeongea naye kwenye simu, kanielekeza. Nashika tu, sivuti."

Nikakaa. Ningefanya nini? Wifi akaweka mikono kwenye kiti, akanitazama, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Hakuna kilichotokea. Aliegemea mbele kidogo na kubaki pale, na mimi peke yangu humo chumbani nilijua anafanya nini. Alikuwa anasubiri. Mgongo wake ulikuwa unausubiri mkono wangu.

"Polepole, mama," mwanawe akasema nyuma yake. "Usiogope."

Akahesabu tena. Safari hii mikono ilisukuma, viwiko vikatoka nje, uso ukabadilika rangi. Makalio hayakuachana na kiti. Miezi mitatu nyuma, siku ya tatu tu, alikuwa amefika nusu.

"Jikaze kisabuni, wifi," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ilinichukiza.

Mara ya tatu hakuhesabu. Alisukuma mara moja kwa hasira, kiti kikateleza nyuma, akabaki amening'inia kwenye ule mkanda, na mwanawe akamkamata kwapani kabla hajafika chini. Akamrudisha kitini. Gauni lilikuwa limelowa, na kiti pia. Wifi aliona kwamba tumeona. Akavuta sweta lake pana akajifunika mapajani, akatazama ukuta.

Mwanawe akageukia kabati. Alizisoma zile tiki polepole, kidole kikishuka kisanduku kimoja kimoja.

"Hizi zote, mama?"

Wifi akaendelea kutazama ukuta. Hata pale, jamani, alikuwa ananificha mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa namvuta."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kila mara."

Afadhali angenitukana. Alikaa kwenye kona ya kitanda, akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa vya usukani, na mabega yakaanza kutikisika. Baadaye alinawa uso, akamsafisha mama yake mwenyewe kwa sababu wifi alisema anataka mwanawe na si mimi, akafunga nguo zake kwenye begi. Akambeba mikononi hadi kwenye gari. Nilifuata nyuma na fremu ya kutembelea, ambayo mguu wake mmoja ulikuwa bado na karatasi ya dukani. Wifi aliniambia nisisahau kuzima jiko, maana nilikuwa nimebandika chai. Hilo tu ndilo aliloniambia.

Kwa simu wifi alikuwa mchache wa maneno. Hajambo. Anakula. Mvua inanyesha. Nilimpigia Mwalimu, nikamweleza ukweli wote, nikitegemea atafoka. Hakufoka. Kisha akasema huko alikohamia wataomba mtu mwingine wa mazoezi, lakini foleni ni ndefu, na katika umri ule kila mwezi wa kukaa unachukua kitu ambacho mwezi wa kusimama hauwezi kukirudisha chote. "Siku zile za mwanzo ndizo zilikuwa zake, bibi," akasema. Nilimshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

Nilikaa miezi miwili kabla ya kupata moyo wa kwenda. Jengo lenyewe ni la kijivu, ngazi zake nyembamba, zinapinda mara nane kabla hujafika juu. Nilikuwa na begi la magauni yake mkono mmoja na mfuko wa matunda mkono wa pili. Nikapanda. Sikushika ukuta, sikupumzika, na wala sikugundua kwamba sikupumzika mpaka mkamwana wetu alipofungua mlango akashika kiuno.

"Shangazi! Umepanda mwenyewe na mizigo yote hiyo? Mimi hapa lazima nisimame ghorofa ya pili nivute pumzi. Wewe hata kuhema huhemi!"

Wifi alikuwa nyuma yake, kwenye kiti, kando ya kitanda. Alikuwa amekuwa mdogo. Miguu ilikuwa imefunikwa kwa blanketi, na chini ya lile blanketi palionekana kama hapana kitu.

"Atahemaje?" wifi akasema. "Mazoezi yangu yote kayafanya yeye."

Mkamwana akacheka, akapokea begi, akaenda kubandika maji. Wifi hakucheka. Nikamtazama nikitafuta ule utani wake wa siku zote, nikakuta hakuwa anatania.

Nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Niseme yote: nililia, kamasi na kila kitu. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia nitahamia hapa hapa, nitalala sakafuni, na tutaanza upya, kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni, na safari hii sitavuta. Nitamwacha atetemeke. Nitamwacha alie mpaka jengo zima lisikie.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi, akaukaza kidogo.

"Nilikukopesha mapema mno," akasema. "Miezi minne nilikubebea, na mimi sikukuuliza kama unataka. Labda tungefundishana vingine."

"Tuanze leo, wifi. Tafadhali."

"Leo hapana."

"Kesho, basi."

"Wifi, tangu nije hapa sijaona nje. Dirisha liko juu, na wao wanarudi wamechoka, naona haya kuwasumbua." Akanyoosha mikono yake miwili kwangu, kama mtoto anayetaka kupakatwa. "Nishike. Sasa nishike tu."

Nikasimama, nikapitisha mikono kwapani mwake, nikamwinua. Hakusukuma. Hakujaribu hata kukanyaga, nyayo zake zilikuwa zinaburuta sakafuni kama soksi tupu. Nikamfikisha dirishani, nikamwegemeza kifuani kwangu ili kichwa chake kipite juu ya kizingiti. Chini kulikuwa na uwanja wa kuegesha magari, kamba za nguo, na mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mashuka peke yake, upande huu, anazunguka, upande ule.

Wifi alitazama kwa muda mrefu sana. Mkamwana alileta chai, akaiweka, ikapoa. Nilikuwa nangoja nichoke ili nimrudishe kitini, lakini mikono yangu haikuchoka.